Mwalimu Ambaye Hakuwahi Kuwa wa Pili

Mwalimu wetu wa hesabu hakutaka kuona mkono juu. Katika darasa la jirani watoto walijua kwamba ukiwa na jibu unainua mkono, unapiga vidole, unaita "Mimi, Mwalimu! Mimi!" mpaka sauti inakauka. Kwake ilikuwa marufuku. Aliandika swali ubaoni, akaweka chaki, akaenda kusimama dirishani akitupa mgongo. Tulikaa kimya tukiangalia visigino vyake. Baadaye, alipoona inafaa, aligeuka na kumtaja mtu kwa jina, na mara nyingi alimtaja yule ambaye uso wake ulionyesha kwamba amepotea.

"Anayejua ameshajua," alisema. "Nataka kumsikia anayetafuta."

Hiyo ilikuwa miaka ya sitini, si muda mrefu baada ya uhuru, katika shule ya msingi upande wa Kawangware. Mahindi yalikuwa bado yanapandwa hadi karibu na madirisha ya madarasa, na barabara ya kwenda mjini ilikuwa vumbi tupu mpaka ufike Lavington, ambako lami ilianza pamoja na nyua za michongoma iliyokatwa vizuri. Mwalimu, mwanamke aliyeishi peke yake, alikuwa pia jirani yetu. Alitoka magharibi mwa nchi, akapanga chumba katika ploti ya wazazi wangu, kile kilichopakana na jikoni letu. Kwa hiyo nilimjua kwa pande mbili. Asubuhi nilimwona akiwa na dasta mkononi, na jioni nilimwona akigombana na jiko la makaa kama mtu anayebishana na shemeji mkaidi.

Upishi wake ulikuwa jambo la kusikitisha. Aliweka maji ya ugali jikoni, akachukua kitabu, na maji yakakauka. Mama alikuwa akinituma, "Nenda uangalie kama mwalimu wako anaunguza nyumba yangu." Nilimkuta amesimama na mwiko mkono mmoja na kitabu mkono wa pili, sufuria imeanza kutoa moshi, naye ananiangalia kana kwamba mimi ndiye niliyetoka mbali. Alisoma chochote. Alisoma vitabu vya dini, vitabu vya mifugo, gazeti lililofungiwa nyama, maandishi ya kwenye kopo la maziwa ya unga. Akimaliza hakuwa na haja ya kurudia. Siku moja baba, ambaye alipenda kumjaribu, alimuuliza juu ya habari moja ya gazeti la zamani. Mwalimu akamweleza habari yenyewe, kisha akamweleza na tangazo la baiskeli lililokuwa chini yake.

Mavazi yake yote aliyakata vile vitambaa vidogo vya shingoni vyenye jina la kiwanda. Alisema vinampigia kelele. Neno hilo, kelele, alilitumia kwa vitu vingi visivyo na sauti: sweta ya sufu, taa ya umeme inayotetemeka, harufu ya rangi mbichi. Redio ya jirani ikilia jioni alitoka akaenda kutembea, akarudi ikishazimwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni maringo. Mama, ambaye hakusoma sana, alimwelewa mapema kuliko mimi. "Huyu mama anaingiwa na kila kitu," alisema. "Sisi wengine tumefunga milango, yeye yake haifungiki."

Jumamosi moja alinichukua tukaenda mjini kununua vitu vya shule. Tulishuka basi, tukapita River Road, na hapo ndipo nusura nimpoteze. Palikuwa na kiwanda kidogo cha kupiga chapa, mlango wazi kuelekea barabarani, na fundi alikuwa akipanga herufi za chuma kwenye fremu yake. Herufi hizo hupangwa kinyumenyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo. Mwalimu alisimama mlangoni akizisoma kwa sauti ya chini, moja kwa moja, kama mtu anayesoma sala. Ilikuwa kadi ya mwaliko wa harusi. Fundi akainua kichwa.

"Mama, umewahi kufanya hii kazi?"

"Hapana. Ni nzuri sana."

Alisimama pale mpaka miguu yangu ikaniuma. Watu walimsukuma, wabeba mizigo walimwambia apishe njia, naye aliwapisha na kurudi palepale. Tulifika nyumbani bila ile rula tuliyokwenda kununua.

Mtu mwenye akili za namna hiyo huenda ukadhani alikuwa mwalimu mwema kwa kila mtoto. Hakuwa. Uvumilivu wake ulikuwa wa ajabu kwa mtoto aliyekuwa akikosea kwa bidii, na haukuwepo kabisa kwa mtoto aliyekariri. Ukimpa jibu sahihi ambalo hukulielewa alikunja uso kama aliyetafuna limau. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa katikati, nikielekea chini, na alinipenda, lakini alipokuwa akieleza jambo alikuwa anaruka. Alianza hapa, akatua kule, na katikati palikuwa na shimo ambalo yeye hakuliona.

"Mwalimu, umefikaje hapo?" niliuliza.

Alitazama ubao. "Sijui," akasema. "Nimeona tu. Ngoja nitafute njia."

Akaanza kutafuta njia, akiandika na kufuta, mpaka akaipata. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba njia ile aliitafuta kwa ajili yetu, kwa sababu yeye mwenyewe hakuipitia. Alituambia kwamba alipokuwa shuleni alichapwa sana kwa jambo hilo. Alileta jibu sahihi bila kuonyesha njia, na mwalimu wake akaamua ameibia. Alihamishwa akae peke yake mbele ya darasa, akajibu yote tena, akachapwa tena, safari hii kwa kiburi. Alisimulia hayo bila uchungu, kama anavyosimulia mtu habari za mvua ya mwaka uliopita.

Katika darasa letu la nne alikuwepo Nduta. Kwao hapakuwa mbali na kwetu. Baba yake alikuwa karani katika ofisi moja mjini, mtu wa suti na kofia, aliyeondoka nyumbani viatu vimefungwa kwa mfuko wa karatasi ili vumbi lisivifikie. Nduta alisoma kabla hajaanza shule. Alipoingia darasa la kwanza alidhani wote tunajua na tunajifanya. Aliniambia hivyo mwenyewe: kwa muda mrefu aliamini kwamba shule ni mchezo ambao watu wote wamekubaliana kujifanya wajinga, na yeye tu ndiye hakuelezwa sheria zake.

Walimu wa kwanza walimchapa. Alimaliza hesabu kabla chaki haijafika mwisho wa ubao, kisha akaanza kufumua sweta yake uzi kwa uzi, au kulala, au kumsahihisha mwalimu tahajia. Wasichana hawakumtaka kwenye kamba. Alikuwa akituambia sheria mpya za kuruka ambazo zilikuwa nzuri kuliko zetu, na hakuna mtoto anayetaka jambo hilo wakati wa mapumziko.

Ndipo alipoanza kukosea. Tulipofika darasa la nne alikuwa anapata alama za kawaida, na sisi tukaanza kumkaribisha. Walimu walifurahi kwamba ametulia. Mwalimu wa hesabu pekee hakufurahi. Siku moja alimwacha nyuma baada ya kengele, nami nikabaki kwa sababu tulikuwa tukienda nyumbani pamoja. Aliweka daftari la Nduta juu ya meza.

"Haya makosa umeyatengeneza," alisema.

Nduta akaangalia sakafu.

"Mtoto asiyejua hukosea ovyo. Huyu hapa anakosea, lakini tazama, makosa yake yote yanafuata mpango mmoja. Unajua ni kazi ngumu kiasi gani kukosea namna hii?"

"Ndiyo, Mwalimu," Nduta alinong'ona.

Nilidhani atachapwa. Mwalimu alikaa chini kwenye dawati letu dogo, magoti yake yakagonga mbao, akamuuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia darasani: "Wamekubali kucheza na wewe?"

"Kidogo."

"Basi kwa walimu wengine endelea kukosea. Kwangu usikosee. Wewe nitungie swali ambalo siwezi kulijibu."

Nduta alilitafuta swali hilo muhula mzima. Nilimwona akitembea nalo. Alikuwa akisimama katikati ya njia, na ilibidi nimvute mkono gari likija. Kila Ijumaa alipeleka swali, na kila Ijumaa Mwalimu alilijibu, wakati mwingine papo hapo, wakati mwingine Jumatatu akiwa na macho mekundu na furaha isiyofichika. Sweta haikufumuliwa tena. Sijamwona mtoto yeyote akiwa na heri kama Nduta alivyokuwa muhula ule.

Lakini habari zilizotiwa chumvi zilimfikia baba yake kwamba binti yake anamshinda mwalimu, na zilimfikia mwalimu mkuu. Wawili hao wakakubaliana arushwe, kutoka darasa la nne hadi la sita moja kwa moja, ili afanye mtihani wa darasa la saba mapema na kuipatia shule sifa. Mwalimu alikataa mbele ya walimu wote. Ndiyo maana baba Nduta alikuja kwenye ploti yetu Jumamosi mchana, na kofia yake, akamkuta anafua.

"Mwalimu, nimesikia wewe unamzuia mtoto wangu."

"Karibu kiti, baba Nduta. Simzuii."

Mama alileta stuli na chai. Nilikuwa nachambua maharagwe mlangoni, na hakuna aliyeniambia niondoke.

"Kama humzuii, kwa nini unakataa?"

"Kwa sababu ana watoto wawili watatu ambao wameanza kumzoea. Kule juu atawakuta wakubwa. Nataka abaki acheze."

"Acheze?" Baba Nduta aliweka kikombe chini. "Mimi sikumpeleka shule kucheza. Unajua wazungu walitunyima nafasi ngapi? Sasa mlango umefunguka, wewe unasema mtoto acheze?"

Mwalimu alikamua blauzi, akaikung'uta, akaianika. Kisha akasema akiwa ameielekea kamba ya nguo: "Mimi nilirushwa. Nikarushwa tena. Nikawekwa na wasichana ambao walikuwa wanazungumza mambo ya kuolewa, na mimi bado meno ya mbele hayajamaliza kuota. Masomo hayakunishinda, mzee. Kilichonishinda ni mapumziko."

"Lakini leo wewe ni mwalimu."

"Ndiyo. Na sina rafiki."

Maneno hayo yalitua vibaya katika ua ule. Baba Nduta alinyanyua kofia, akaiweka tena gotini. Mama akakohoa.

"Na mimi je?" Mama akasema. "Mimi ni nani yako?"

"Wewe ni mwenye nyumba."

"Ala!" Mama akacheka, na Mwalimu naye akacheka mpaka akashika nguzo. Hata baba Nduta alitabasamu. Lakini hakubadili nia, na kusema kweli sioni kama alikuwa mtu mbaya. Alimpenda binti yake, na alijua jinsi milango inavyofungwa.

Nduta akarushwa. Mwalimu hakununa. Alimpelekea mazoezi nyumbani, akamtengenezea sketi ya sare iliyomtosha, maana katika darasa lake jipya alionekana kama mdogo wa mtu aliyekuja kutembea. Nduta alipita mtihani kwa alama zilizomfanya mwalimu mkuu aandae sherehe, akaenda shule ya bweni mbali. Mwaka uleule mimi nilikuwa najikokota polepole darasa baada ya darasa, na nilipofika darasa la saba nilianguka mtihani, nikarudia.

Nilikuwa narudia darasa hilo Nduta aliporudi nyumbani. Ilikuwa katikati ya muhula. Hakuwa mgonjwa, hakufukuzwa. Alikuwa amekuwa wa pili katika mtihani wa fizikia. Msichana mmoja kutoka shule ya kijijini alimpita kwa alama kidogo, na asubuhi iliyofuata Nduta hakuweza kutoka kitandani. Walimjaribu kwa maneno mazuri na kwa ukali. Mwishowe matroni alimleta Nairobi.

Baba yake alikonda. Alikuja kwa Mwalimu jioni bila kofia, akasimama mlangoni. "Mwalimu, zungumza naye. Mimi naogopa."

Mwalimu alikwenda kila siku baada ya shule. Nilimsindikiza. Alikaa kitandani mwa Nduta, na hawakuzungumza juu ya masomo. Walimenya viazi. Walisikiliza mvua kwenye mabati. Siku moja Nduta alisema, akiangalia ukuta, "Mwalimu, kama mimi si wa kwanza, mimi ni nani sasa?"

Nilisubiri Mwalimu ajibu. Alikuwa na jibu la kila kitu.

"Sijui," alisema. "Mimi pia sijawahi kuwa wa pili."

Tulipokuwa tukirudi alitembea mbele yangu haraka, na nilipomfikia nikaona analia. Alilia bila kuficha, kama alivyofanya mambo mengine yote. "Nilimfundisha kila nilichokijua," alisema. "Hiki sikukijua."

Nikamwambia labda ingekuwa heri wangemwacha tu darasa la nne kama alivyotaka. Alitikisa kichwa. "Hapana. Hata pale angechoka akafumua sweta zote za Nairobi. Hakuna darasa lililotengenezwa kwa kipimo chake. Nilisema abaki kwa sababu mimi niliumia nilipoondolewa. Labda nilikuwa naomba kitu changu."

Kilichomtoa Nduta kitandani sikijui vizuri, na sidhani kama kilikuwa kitu kimoja. Baba yake alikubali asirudi bweni. Alikaa nyumbani mpaka muhula ukaisha, akaanza tena katika shule ya kutwa upande wa mjini, akawa wa kwanza mara nyingine na wa tano mara nyingine. Leo anafanya kazi katika maabara ya hospitali, ana watoto, na ukimtembelea utamkuta ana chemshabongo ya gazeti ambayo ameikamilisha kwa kalamu ya wino.

Mwalimu alihama ploti yetu miaka ya sabini ilipoanza, akapewa shule nyingine. Mimi nilisomea upigaji taipu, nikapata kazi ya ukarani mjini, nikaolewa, tukapanga nyumba karibu na Kenyatta Market. Nilisikia habari zake kwa juujuu. Walitaka kumpa umwalimu mkuu, akakataa kwa sababu ya mikutano. Alikuwa anajifunza lugha ya Kigiriki peke yake, akaiacha alipoiweza.

Kisha, miaka kadhaa baadaye, nikakutana naye. Ilikuwa mchana, nimekwenda sokoni kununua nyama, moshi wa majiko umejaa hewani. Nje ya soko lilisimama gari dogo lenye herufi nyekundu ya L ya dereva anayejifunza mbele na nyuma, na mwanamke mwenye mvi alikuwa ameketi kwenye usukani, mikono yake miwili bado imeushika, ingawa injini ilikuwa imezimwa. Kando yake mwalimu wa udereva, kijana mwenye masharubu, alikuwa anakula mhindi wa kuchoma kwa utulivu wa mtu aliyezoea.

"Mwalimu!"

Aligeuka. Alinitaja kwa jina langu na jina la baba yangu, kama alivyoita orodha ya asubuhi. Akatoka garini, akanishika mabega. Alikuwa amepungua mwili, lakini macho ni yaleyale.

"Nimeanguka," aliniambia.

"Umeanguka wapi? Umeumia?"

"Mtihani! Mtihani wa udereva. Asubuhi hii. Tulifika pale kwenye mteremko wa Upper Hill, nikaambiwa simama, halafu ondoka. Gari likarudi nyuma. Nikakanyaga, likazima. Watu wakapiga honi. Mtahini akaandika kitu, akaniambia, 'Mama, rudi ukajifunze.'" Alisema hayo kwa mshangao mtupu, akinitazama aone kama nami nashangaa. "Vitabu vyote vya sheria za barabara ninavijua. Jinsi klachi inavyofanya kazi naweza kukuchorea. Lakini mguu haujui. Mguu ni mjinga kabisa."

Kijana wa masharubu akasema kutoka garini, "Mguu utajua, Mama. Hata wangu haukujua."

Nilimkaribisha kwenye benchi ya mchoma nyama. Tukaletewa nyama kwenye ubao na chumvi pembeni. Hakuigusa. Nikaelewa kwamba anaona aibu, aibu halisi ya mtoto wa shule, na kwamba hajui aiweke wapi. Nilitaka kumwambia si kitu, watu wengi huanguka mtihani ule. Yeye akaniwahi.

"Wewe ulianguka darasa la saba," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatafuta. "Siku ya pili yake ulifanya nini?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote.

"Nililia usiku," nikasema. "Asubuhi Mama akaniambia maji yameisha, niende nikachote. Nikaenda. Kule kisimani wasichana walikuwa wanacheka kitu, nikauliza wanacheka nini. Halafu muhula ulipofunguliwa nikavaa sare nikarudi. Wale wadogo walinitazama sana siku ya kwanza. Siku ya pili wakaacha."

"Wakaacha?"

"Wakaacha, Mwalimu. Walikuwa na mambo yao."

Alisikiliza kama vile alivyotaka tumsikilize, kichwa kimeinama upande. Hakuniambia kama nimejibu vizuri. Alichukua kipande cha nyama, akakichovya kwenye chumvi, akatafuna polepole. Akachukua kingine. Tukaongea habari za Mama, na za Nduta, na za watoto wangu, ambao mmoja wao alikuwa ameanza shule na haipendi.

Kijana wa udereva alipofuta mikono na kuwasha gari, Mwalimu aliinuka akanyoosha sketi yake.

"Tunaenda wapi sasa, Mama?" kijana akamuuliza. "Nikurudishe nyumbani?"

"Pale kwenye mteremko," alisema.

Aliingia kwenye usukani. Gari liliruka mbele kama mbuzi, likazima. Mchoma nyama akacheka, na mtu wa nyuma akapiga honi. Aliliwasha tena, likatoka likitikisika, likashika barabara ya kuelekea Upper Hill, nami nikabaki na mfuko wangu wa nyama nikilitazama mpaka lilipokata kona.